Kuchagua na Kurekebisha Egemeo la Kudondoka kwenye Upinde wa Kuwindia

Egemeo la kudondoka hubeba mshale wakati unavuta upote, yaani uzi wa upinde unaosukuma mshale, kisha hujilaza ghafla unapofyatua ili manyoya ya mshale yapite bila kugusa chochote. Kazi hiyo yote huisha ndani ya takribani sekunde moja ya mia. Kwa hiyo usihukumu egemeo kwa umbo lake wala kwa bei. Cha kuangalia ni lini linainuka, lini linalala, na kama linarudia vilevile kila mara. Malalamiko mengi ya "egemeo bovu" ukiyafuatilia utakuta kamba iliyofungwa vibaya.

Upinde unaozungumziwa hapa ni wa kompaundi, wenye kamu, yaani magurudumu yasiyo duara kamili, juu na chini, unaopigwa kwa kifyatulio (kifaa cha kushika na kuachia upote) na si kwa vidole. Maelekezo ya kulia na kushoto ni ya mtu wa mkono wa kulia. Wa kushoto ayageuze, na akinunua egemeo ahakikishe ni la mkono wake. Jambo la sheria nalo: majimbo ya Marekani na Kanada, Namibia na Afrika Kusini yana utaratibu wa kuwinda kwa upinde, kila mahali na masharti yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila kibali. Kama huna ruhusa, haya yote yanafaa vilevile kwa kulenga shabaha.

Kuchagua

Kuna aina mbili kubwa, na tofauti yake ni mahali kamba inapofungwa.

Ya kwanza huendeshwa na kebo. Kamba nyembamba inatoka kwenye egemeo hadi kwenye kebo (mojawapo ya nyuzi nene zinazotoka kwenye kamu) inayoshuka unapovuta upote. Kebo ikishuka, inavuta kamba, na uma, yaani ile sehemu yenye panda inayobeba mshale, unainuka. Ukifyatua, kebo inarudi juu, kamba inalegea, springi inaulaza uma.

Ya pili huendeshwa na mkono wa upinde, yaani ile sehemu ya juu au ya chini inayojikunja. Hapa springi inafanya kinyume: inasukuma uma juu, na kamba iliyofungwa kwenye mkono wa juu au wa chini ndiyo inayoushikilia chini upinde ukiwa umepumzika. Ukivuta, mkono unajikunja, kamba inalegea, uma unapanda. Ukifyatua, mkono unanyooka na kuuvuta uma chini kwa nguvu. Aina hii hubeba mshale kwa sehemu ndefu zaidi ya safari yake, na haijali sana kebo ikirefuka kidogo. Kasoro yake ni kwamba ukibadilisha uzito wa mvuto (nguvu inayohitajika kuvuta upote) kwa kukaza au kulegeza boliti za mikono, urefu wa kamba unaohitajika nao unabadilika.

Ndani ya aina ya kwanza kuna maegemeo yenye kufuli. Unauinua uma kwa kidole gumba, unajifunga juu, na mshale unakaa umezungushiwa pande zote hata kabla hujavuta. Hulala tu upote ukienda kwa kasi. Ukighairi na kurudisha upote polepole, uma unabaki juu. Kwa mtu anayekaa saa nne juu ya jukwaa la mtini akisubiri kulungu mkia mweupe, hili ndilo la kuchukua. Egemeo la kebo lisilo na kufuli likirudishwa taratibu linalala, mshale unagonga kiwiliwili cha upinde, yaani sehemu ngumu ya katikati, "tak!", na mnyama aliye mita kumi na tano ameshaondoka.

Mwenye kupiga shabaha nyingi, au anayebadilisha uzito wa mishale mara kwa mara, atafurahia zaidi la mkono wa upinde. Anayekwenda porini mbali na fundi, na anayetaka kifaa asichokigusa msimu mzima, asidharau egemeo la brashi, yaani duara la nywele ngumu linaloushika mshale, lisilodondoka kabisa. Linapunguza kasi kidogo na linasugua manyoya, lakini halina kamba ya kukatika.

Ukiwa dukani kagua mambo machache:

- Namna ya kufunga. Karibu kila upinde una tundu la Berger, la kufungia egemeo kwenye kiwiliwili, lenye nyuzi za inchi 5/16. Pinde nyingi mpya za bei ya juu zina pia reli nyuma ya kiwiliwili, na egemeo la reli halizunguki hata likigongwa. Usinunue la reli kabla hujaugeuza upinde wako ukaiona reli yenyewe.
- Marekebisho madogo kwa skrubu, kwa juu na chini na kwa kulia na kushoto, yenye mistari ya kuhesabia. Egemeo ambalo lazima ulilegeze lote ili ulisogeze nusu milimita litakuchosha.
- Upana wa uma. Mishale myembamba ya milimita 4 huchezacheza ndani ya uma mpana uliotengenezewa mishale ya zamani.
- Uma ukiwa umelala, je, kuna nafasi ya nyoya kupita juu yake? Weka mshale wako mwenyewe dukani uangalie, si mshale wa muuzaji.

Kabla ya kugusa egemeo

Egemeo haliwezi kuficha upinde uliopinda. Hakikisha kwanza kamu zote mbili zinafika mwisho kwa pamoja unapovuta, na urefu wa mvuto ni wako. Upote na kebo mpya hurefuka kidogo siku za mwanzo. Piga mishale mia hivi kabla ya kufunga kamba kwa kudumu, la sivyo utairudia kazi.

Ugumu wa mshale lazima ulingane na uzito wa mvuto wa upinde na uzito wa ncha. Angalia chati ya mtengenezaji wa mshale. Mshale laini mno utakupa matundu mabaya kwenye jaribio la karatasi lililo hapa chini, hata egemeo liwe la dhahabu. Kila mshale wa kaboni ukunje taratibu ukisikiliza mlio wa kupasuka, kwa sababu uliopasuka unaweza kuvunjika na kuingia mkononi. Halafu hakikisha kwamba kwenye mvuto kamili ncha inabaki mbele ya egemeo kwa sentimita 3 au zaidi.

Vifaa: spana za Allen za inchi na za milimita, pimamaji mbili ndogo, rula yenye milimita, jiliwa la kushikia upinde, kiberiti cha gesi, kalamu ya rangi nyeupe, na gundi ya bluu ya nyuzi za skrubu. Presi ya upinde, yaani kifaa cha kuikunja mikono ya upinde ili kebo zilegee, inahitajika tu kama utapitisha kamba katikati ya nyuzi za kebo. Kama huna, tumia banio, yaani kibano kidogo cha kushikiza kamba kwenye kebo. Usijaribu kutanua nyuzi za kebo iliyokazwa kwa bisibisi. Ukikata uzi mmoja umeharibu kebo nzima.

Kufunga na kupima

1. Bana upinde kwenye jiliwa, upote usimame wima kwa pimamaji.

2. Funga egemeo kwenye tundu la Berger au kwenye reli. Kaza nusu tu.

3. Inua uma kwa mkono, weka mshale, uunganishe na upote. Sogeza egemeo juu au chini hadi mshale, ukitazamwa kwa ubavu, upite katikati ya tundu la Berger.

4. Weka pimamaji juu ya mshale. Ukilala sawa, uko pazuri pa kuanzia. Mkia kuwa juu kwa hadi milimita 3 ni kawaida pia. Ikibidi kusogeza zaidi ya hapo, sogeza kitanzi cha D (kile kinachoshikwa na kifyatulio) kwenye upote, egemeo uliache mahali pake.

5. Sasa katikati. Pima kutoka ubavu wa kiwiliwili hadi katikati ya mshale. Pinde nyingi za kisasa huanzia inchi 13/16, yaani karibu milimita 21; baadhi ni inchi 3/4, milimita 19. Kitabu cha upinde wako ndicho chenye neno la mwisho. Simama nyuma utazame: upote ukiugawa upinde katikati, mshale uonekane unafuata mstari uleule.

6. Kaza sasa, na uandike vipimo vyote viwili. Kuna siku egemeo litagongwa garini nawe utavihitaji.

Kuifunga kamba

Hapa ndipo penye kazi. Tuanze na egemeo la kebo.

Itambue kebo inayoshuka. Vuta upote sentimita chache, mtu mwingine atazame: moja ya kebo inapanda, nyingine inashuka. Kamba inafungwa kwenye inayoshuka, chini ya egemeo, ili ishuke kwa mshazari bila kugusa kebo nyingine, kizuizi cha kebo wala njia ya manyoya.

Weka banio kwenye kebo, ulikaze kiasi cha kushika lakini liweze kuteleza likivutwa kwa nguvu. Mshale ukiwa kwenye upote na umeelekezwa kwenye shabaha, vuta polepole hadi mwisho, kisha rudisha polepole. Uma ukifika juu kabisa kabla hujamaliza kuvuta, banio litateleza lenyewe juu ya kebo na kusimama panapostahili. Kama halikuteleza na uma haukufika juu, kamba ni ndefu, ifupishe urudie. Likishasimama, weka alama ya rangi nyeupe kwenye kebo, shusha banio milimita 3 hadi 5 chini ya alama, ukaze kabisa. Zile milimita chache ndizo zinazohakikisha uma unafika juu kabla tu ya mwisho wa mvuto, si pale pale mwishoni.

Sasa mwombe mwenzako asimame ubavuni, asikae mbele hata kidogo, atazame uma wakati unavuta. Lengo ni uma kusimama wima kabisa katika sentimita 2 hadi 3 za mwisho. Kanuni ni rahisi: ukiinuka mapema wakati wa kuvuta, utachelewa kulala wakati wa kupiga, na manyoya yataukuta bado umesimama. Ukiinuka umechelewa, mshale utaachwa mapema mno, na siku ambayo hukuvuta hadi mwisho kwa sababu ya baridi au koti zito, uma hautafika juu kabisa na mshale utakwenda chini.

Kamba iliyokazwa kupita kiasi ina dalili zake. Kwenye mvuto kamili, kebo inaonekana imepinda kidogo kuelekea kwenye egemeo, na ule ukuta wa mwisho wa mvuto unakuwa laini kama unavuta mpira. Maegemeo mengi yana springi ya kufidia ndani. Yasiyo nayo yatakata kamba au kuvuruga mwendo wa kamu. Likitokea hilo, rudisha banio juu kwa milimita moja moja.

Ukiridhika, ncha ya kamba ikate ukiacha milimita 5, iyeyushe kwa kiberiti hadi iwe kifundo kama kichwa cha uyoga, ibonyeze kwa ubavu wa spana ikiwa bado ya moto. Kifundo kisichoyeyushwa hufunguka, na hufunguka porini, si uwanjani. Wanaopitisha kamba katikati ya nyuzi za kebo kwa presi wazungushe uzi wa kufungia juu na chini ya kamba, la sivyo kamba itatembea kwenye kebo kidogo kidogo.

Kwa egemeo la mkono wa upinde, funga kamba kwenye mkono ambao mtengenezaji ameutaja, upinde ukiwa umepumzika. Vuta kamba hadi uma ulale kabisa, kisha ongeza mkazo kidogo ili usitikisike ukiugusa kwa kidole. Vuta upote: uma uanze kupanda mapema na uwe umesimama muda mrefu kabla hujafika mwisho. Kamba ikiwa ndefu, uma unapanda mapema zaidi na kulala umechelewa. Ikiwa fupi, ni kinyume chake. Ukigusa boliti za mikono baadaye, rudi hapa.

Kuhakikisha manyoya hayagusi

Nyunyiza poda ya miguu ya kopo kwenye manyoya, kwenye uma na kwenye sehemu ya kiwiliwili iliyo chini yake. Kama huna, paka rangi ya mdomo kwenye kingo za manyoya. Piga mshale mmoja kwenye shabaha iliyo karibu, halafu tazama. Mstari kwenye poda ya uma au doa la rangi kwenye kebo ni ushahidi tosha.

Manyoya yakigusa, angalia kwa mpangilio huu: kwanza muda wa uma, halafu geuza noki, yaani kipande cha mkiani kinachoshika upote, kidogo ili manyoya yapite katikati ya panda za uma, halafu urefu wa manyoya yenyewe. Nyoya la kipekee, lile lenye rangi tofauti na mengine, likae juu. Kuna kosa moja ambalo poda pekee haitalieleza, nalo ni uma kudunda: unalala kwa wakati, unagonga chini, unarudi juu na kulipiga nyoya la mwisho likipita. Doa hukaa nyuma kabisa ya nyoya. Dawa yake ni kipande cha mpira laini au kitambaa cha gundi pale uma unapotua, au springi mpya kama iliyopo imechoka. Kuchukua video ya simu ya picha 240 kwa sekunde kunasaidia kuona mdundo huo, lakini usitegemee ikuonyeshe nyoya likigusa; mshale unaondoka kwenye upote ndani ya picha tatu hivi.

Karatasi

Tandaza karatasi kwenye fremu, shabaha ikiwa nyuma yake, simama mita 2 hivi. Piga mishale mitatu kabla ya kubadilisha chochote, maana tundu moja linaweza kuwa la mkono wako. Tundu la duara lenye michirizi ya manyoya iliyolizunguka sawasawa ndilo linalotafutwa.

Mkia ukichana juu ya ncha, inua egemeo kidogo au shusha kitanzi cha D. Ukichana chini, fanya kinyume. Mchano wa juu usiokubali kuondoka mara nyingi ni manyoya kugusa. Rudi kwenye poda.

Mkia ukichana kushoto, sogeza egemeo kushoto; ukichana kulia, sogeza kulia. Yaani egemeo linaufuata mkia. Tumia hatua za inchi 1/32, chini ya milimita moja, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukijikuta umelisogeza zaidi ya milimita 2 kutoka kipimo cha mwanzo, acha. Tatizo haliko kwenye egemeo: ni mkono unaokamata upinde kwa nguvu na kuuzungusha, mshale usiolingana, au kamu iliyoinama. Jaribu kwanza mkono, kwa sababu hauna gharama. Upinde uegemee msingi wa kidole gumba, vidole vingine vilegee.

Chembe za kuwindia

Karatasi ni mwanzo tu. Chembe, yaani ncha ya kuwindia, yenye wembe usiokunjika ina mabawa ya chuma mbele, na kosa dogo ambalo ncha ya mazoezi inalisamehe, yenyewe inalikuza. Piga kundi la mishale ya ncha za mazoezi kwenye mita 20, halafu kundi la chembe, za uzito uleule, kwenye shabaha ya povu na si ya magunia. Sogeza egemeo kuelekea upande unaotaka chembe ziende. Zikipiga kushoto kwa ncha za mazoezi, egemeo liende kulia; zikipiga chini, lipande. Hatua ni zilezile za inchi 1/32. Makundi yakishakutana mita 20, rudi mita 30 au 40 urudie. Kifaa cha kulengea usikiguse hadi makundi yote mawili yawe yamelala pamoja. Ukikigusa mapema unaficha kosa.

Yakikutana, toa skrubu moja baada ya nyingine, weka tone la gundi ya bluu, kaza tena. Usizitoe zote kwa pamoja, utapoteza vipimo. Chora mstari wa kalamu nyeupe kati ya egemeo na kiwiliwili, na mwingine kati ya banio na kebo. Asubuhi ya kuwinda utatazama mistari hiyo kwa sekunde mbili na kujua kama kuna kilichosogea.

Kelele, baridi na kamba

Vuta upinde chumbani usiku, kimya kabisa. Mkwaruzo wowote wa mshale kwenye uma mnyama atausikia kabla yako. Bandika kitambaa laini chenye gundi kwenye uma, na kingine kwenye kiwiliwili pale mshale unapoweza kuangukia. Pima tena kwenye karatasi baada ya kubandika, kwa sababu kitambaa kinainua mshale.

Kwenye majimbo ya kaskazini mwa Marekani, ambako Novemba ni baridi kali, maji yakiingia kwenye egemeo na kuganda, uma unalala polepole au haulali. Usipake mafuta mazito. Yanaganda na kukusanya vumbi. Futa, kausha, na ukihitaji kulainisha tumia kilainishi kikavu. Upinde uliotoka nyumbani penye joto uachwe nje kidogo, kisha inua na kulaza uma kwa kidole mara kadhaa kabla ya kupanda mtini.

Kamba ikianza kutoa vinyweleo pale inapoingia kwenye egemeo, ibadilishe siku hiyohiyo. Beba nusu mita ya kamba ya kitanzi cha D, ya milimita 2, pamoja na kiberiti na spana ya banio. Kamba ya egemeo la kebo ikikatika porini na huna akiba, lile lenye kufuli usilitumie kwa kuinua uma kwa kidole tu ukidhani limepona: halina tena cha kufungua kufuli ili uma ulale, na mshale utapita juu ya uma uliosimama. Funga kamba mpya, panga banio kwenye alama ya rangi, vuta mara mbili ukitazama uma, piga mshale mmoja wa mazoezi ardhini karibu, ndipo uendelee.